Magauni Tisa Yaliyopunguzwa Kifua

Saa tatu ya usiku ilimkuta Mama Tepu bado yuko kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha upasuaji, mkoba mapajani, macho hayabanduki mlangoni. Binti yake, kifungua mimba wake, aliingizwa humo tangu saa kumi na nusu jioni.

"Ni upasuaji mdogo tu wa kifua, mama," alikuwa amemwambia. "Baada ya saa mbili naamka. Usianze."

Saa mbili zilipita, na nyingine mbili juu yake. Jina la Mama Tepu alipewa na wateja wake wa cherehani, kwa kuwa tepu ya kupimia ilikuwa haimtoki shingoni. Hata pale hospitalini alikuwa nayo. Aliondoka dukani mbio akasahau kuivua, na kila muuguzi aliyepita akiitupia jicho, yeye moyo ulimlipuka akidhani anaangaliwa kwa huruma.

"Kifua ni nini hasa?" alimuuliza mdogo wake, mama mdogo wa binti, kwa mara ya nne. "Maana mapafu yako kifuani. Moyo uko kifuani."

"Dada, nyamaza," alisema mama mdogo, ambaye alishavua viatu na kukunja miguu juu ya benchi. "Utawatia ugonjwa hata wazima."

Mlango ukafunguka. Muuguzi mnene mwenye sauti laini akauliza nani ni ndugu wa mgonjwa, naye Mama Tepu akasimama hadi mkoba ukaanguka.

"Ametoka salama. Mifuko yote miwili imetolewa, na kovu lililoizunguka limetolewa lote. Upande wa kushoto ndio uliotuchelewesha. Kovu lilikuwa gumu kama soli ya kiatu."

"Mifuko gani?"

Muuguzi alitazama karatasi yake, akamtazama mama, akatazama tepu. Ndipo alipojua kwamba amefungua mdomo mahali ambapo hakupaswa, lakini maji yalishamwagika. Akaeleza kwa kifupi: mifuko ya silikoni, ile ya kukuza matiti. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia kovu, kama ukuta. Kwa wengi ukuta huo hukaa kimya. Kwa huyu ulianza kukaza, ukaminya, ukauma, mwaka wa pili sasa.

"Basi atapona," alisema Mama Tepu.

Njiani kurudi mama mdogo alishindwa kujizuia. "Fundi mzima, miaka ishirini na minane unapima vifua vya watu. Nusu kilo inapita mbele ya macho yako usiione?"

Mama Tepu hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa akipiga hesabu ya miaka. Binti alikwenda kufanya kazi mji mwingine, akarudi amejaajaa, na mama akashukuru kwamba huko wanakula. Tangu hapo hakukubali tena kupimwa. "Nishonee kwa macho, mama, wewe si bingwa?" Naye bingwa akavimba kichwa, akashona kwa macho. Miaka minane alishona kwa macho, na macho yenyewe hayakuona kitu. Binti alifanya hivyo kwa sababu gani? Kwa ajili ya nani? Mbona hakusema? Kila swali lilizaa jingine, na hakuna hata moja lililokaa sawa.

Mtu akichanganyikiwa hukimbilia kazi anayoiweza. Katika siku tatu ambazo binti alilazwa, Mama Tepu alifungua kabati la binti, akatoa magauni yote tisa ya kazini, akayapunguza kifua. Alitumia vipimo vya zamani vilivyokuwa kwenye daftari lake la wateja, ukurasa wa binti, vya kabla ya ule mji mwingine. Aliingiza mishono ya ubavuni, akaongeza pensi za mbele, ile mikunjo ya kubana kifua, akapiga pasi, akatundika. Kitambaa cha ziada hakukikata, alikilaza ndani, maana fundi anayejua kazi hakati akiba. Aliona raha. Mteja mwenye bahati ni yule anayekuta nguo iko tayari kabla hajaomba.

Binti alirudi nyumbani na mirija miwili ya kutoa majimaji kifuani, kila mmoja ukining'iniza kichupa cha mpira kwenye mkanda wa suruali. Kila asubuhi mama alivikamua, akapima majimaji, akaandika kwenye daftari lilelile chini ya vipimo: kulia thelathini, kushoto hamsini na tano. Mirija ilipoondolewa, mama ndiye aliyebadilisha plasta. Binti aligeuza uso ukutani. Mama alitazama kifua kilichobonyea, ngozi iliyokunjamana kidogo, na chini yake mistari miwili ya mshono. Mshono wenyewe aliuona mzuri. Alitaka kuusifu, akaona haya.

Hawakuzungumza habari ya mifuko. Mama aliogopa kuuliza. Kwa wiki tatu alivaa mashati ya vifungo vya mbele kwa sababu hakuruhusiwa kuinua mikono. Jumapili ya wiki ya tatu akafungua kabati kutafuta gauni la kwenda kliniki katikati ya wiki.

Mama alikuwa jikoni. Alisikia vitundikio vikigongana, kimoja, kingine, kingine.

"Mama! Nani amezigusa nguo zangu?"

"Nimekusaidia, mwanangu. Zingekupwaya."

"Nani amekwambia nataka zisinipwaye? Nilitaka nivae kitu kinipwaye mpaka nijizoee!"

"Lakini watu ofisini si wataona..."

"Uliona wewe?" Binti alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na gauni la kijani mkononi. Anakaa mapokezi, kazi yake ni kutazamwa na kila anayeingia. "Siku ya mahafali yangu ulinitia sponji kwenye kifua cha gauni. Hukuniuliza. Nilivaa, nikaja kugundua nikiwa kwenye foleni. Ukaniongeza bila kuniuliza, sasa umenipunguza bila kuniuliza."

"Ulikaa vizuri kwenye picha," alisema Mama Tepu, na neno lilipomtoka tu akatamani kulimeza.

Binti akarudi chumbani kwake, akayatupa magauni yote tisa ukumbini, mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka.

Alilala usiku huo akilijaribu neno la binti kila upande. Sponji! Vipande viwili vidogo, mabaki ya bega la koti la mteja. Alifanya kwa upendo, na picha bado iko ukutani sebuleni. Ina maana yeye ndiye aliyeanza? Au binti ametafuta tu wa kumtupia? Jumatatu sahani ya chakula iliingia na kutoka mlango ukiwa wazi kiasi cha mkono. Plasta, mama hakujua kama imebadilishwa.

Jumanne asubuhi, akipita na ufagio, alimsikia binti akizungumza kwa simu na yule muuguzi wa sauti laini.

"Ni kushoto, chini ya mshono. Kuna kitu kama kamba. Kigumu... Sioni vizuri, nikishika kioo mkono unauma... Hapana, hakuna wa kuniangalizia."

Hakuna! Mama Tepu aliegemea ufagio. Hatua nne kutoka hapo aliposimama, na hakuna. Akagonga.

"Muuguzi anasemaje?"

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Anasema kovu likipona hukaza kwanza, halafu hulainika baada ya miezi. Ila mtu aangalie kama pamekuwa pekundu au pana joto. Likiwa hivyo niende leo leo."

"Pana joto?"

"Sijui, mama! Mwili wangu wote una joto nikikasirika."

"Fungua niangalie."

"Utaanza kunirekebisha."

Alitaka kuapa kwamba hatarekebisha kitu, lakini mikono yake aliijua. Alikwenda chumbani kwake, alikokuwa ameyaficha magauni tangu Jumapili kwa aibu, akayabeba yote pamoja na wembe na kigoda, akaketi kwenye ukumbi nje ya ule mlango. Akaanza kufumua. Uzi ukikatwa hutoa mlio mdogo, na nyumba ilikuwa kimya.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafumua."

"Yote?"

"Hili la sita."

Alifumua la saba, akafumua la nane. La tisa, la kijani, lilikuwa na bitana likamchelewesha.

"Usiyashone tena kama yalivyokuwa," sauti ilisema, sasa karibu kabisa na mbao za mlango.

"Niyafanyeje basi?"

"Sijui. Yaache wazi kwanza."

Mama Tepu aliangalia lile rundo lililoachama mbavu. Gauni lililo wazi ubavuni si gauni, ni kitambaa. Miaka ishirini na minane hajawahi kumrudishia mteja kazi namna hiyo. Hata hivyo aliweka wembe chini.

"Haya. Nimeyaacha."

Akavua tepu shingoni, akaitundika kwenye kitasa, asijue mwenyewe kwa nini. Kisha kitasa kikashuka, tepu ikateleza sakafuni, na mlango ukafunguka wote. Binti alikuwa na shati lisilofungwa vifungo. Safari hii hakugeuza uso.

"Hapa. Usibonyeze."

Mama aliweka vidole viwili. Chini ya mshono palikuwa na kitu kigumu kama pindo lililoshonwa mara mbili. Hapakuwa pekundu. Kuhusu joto alibaki anatafuta, maana vidole vyake vilikuwa vya baridi, na kila alipogusa aliona pana joto.

"Pana joto?" binti aliuliza.

"Ngoja," alisema Mama Tepu. Akavisugua vidole kwenye kanga vipate joto kwanza, akaweka tena.