Mbegu Niliyomnyima Mama Skola

Siku ile ya kuchoma mahindi naikumbuka hadi leo, mwanangu, na imenijia tena tangu jana ulipokaa hapa jikoni ukaniambia unataka kuacha kazi. Umeajiriwa serikalini kuchunguza mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kumbe kazi yenyewe kubwa ni kuwaambia watu wangoje. Umenieleza utaratibu wote nikaelewa, usidhani shangazi yako amezeeka na kichwa. Mwenye mbegu aombe kibali, wataalamu waipekue, ijaribiwe kwanza ndani ya nyumba iliyofungwa, halafu kwenye shamba lenye uzio na mlinzi, wananchi waulizwe maoni, ndipo nchi iseme ndiyo au hapana. Vizuri. Ukaenda kwenye mkutano wa wakulima, wakakuzomea, ukarudi unalia. Haya, kunywa chai yako nikusimulie.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa bibi shamba. Wewe unanijua hivi nilivyo, mnene na mguu mbovu, lakini nilikuwa msichana mwembamba kutoka Tukuyu, nimetoka chuoni na buti zangu mpya, nikapangiwa kijiji kimoja kule Ufipa, kupita Chala. Nyumbani walilia. Si unajua, watu wakisikia Sumbawanga wanawaza radi na wachawi tu. Mimi sikukuta mchawi hata mmoja. Nilikuta baridi. Upepo wa mwezi wa sita kule uwandani unaingia mpaka kwenye mifupa, na miti ya kuuzuia hakuna.

Aliyenipokea alikuwa jirani yangu, Mama Skola. Jioni ya kwanza alikuja na makaa ya moto kwenye kigae, akayaweka mekoni kwangu bila hata kuniuliza. "Jiko lako limelala, mwenzangu," akasema. "Hapa utaganda." Ndiye aliyenifundisha kula ugali wa ulezi bila kukunja uso, na kutengeneza yale matuta ya duara ya Wafipa, unafukia nyasi ndani zioze, halafu ndiyo unapanda. Mwenzangu, mwenzangu, ndivyo alivyoniita kila siku, mimi niliyekuwa sina mtu. Nilimpenda sana yule mama.

Sasa kazi niliyopewa. Mbegu mpya ya mahindi ilikuwa imeletwa kutoka nje ya nchi, na mimi nilipewa kishamba cha kuijaribia. Kiwe mbali na mashamba ya watu. Kizungushiwe uzio. Mahindi yapandwe kwa kuchelewa, ili yasichanue pamoja na ya wanakijiji, chavua isije ikabebwa na upepo. Mavuno yapimwe, sampuli zipelekwe mjini, na yaliyobaki yachomwe palepale, mabua na vyote. Misimu kadhaa ipite hivyo, ndipo wakubwa waamue kama mbegu igawiwe. Maneno ya vinasaba hatukuwa nayo, lakini hofu ni ileile yenu ya leo: kitu kigeni kikishachanganyika na cha watu, hakuna wa kukichambua tena.

Mwaka ule mvua ilizidi. Mahindi ya kijiji yakaozea shambani. Ya kwangu, kwa kuwa yalichelewa, yakasimama, yakazaa mahindi makubwa ajabu. Watu wakawa wanapita pale uzioni, wanatazama.

Lazima nikueleze jambo moja la pale kijijini. Mbegu haikuwa kitu cha kunyimana. Mwanamke aliyekosa mbegu huchukua ungo, akapita nao mchana kweupe, na nyumba anayoingia kuomba haimrudishi na ungo mtupu hata kama wamegombana. Kumrudisha mtupu ni kumtakia njaa mbele ya watu wote.

Mama Skola alikuja na ungo wake. Alipita kijiji kizima, kila mtu akimwona anakokwenda, akasimama langoni kwangu anatabasamu.

"Mwenzangu, nimekuja. Kidogo tu, ya kuanzia."

Nilikuwa ndani ya uzio, yeye nje. Wala sikufungua lango. Nikamwambia, "Haiwezekani, Mama Skola. Ni agizo." Akangoja kidogo, akidhani nitaendelea. Sikuendelea. Nikageuka nikashika jembe langu. Akarudi na ungo mtupu njia ileile, mchana ule ule, mbele ya macho yale yale.

Mwanangu, upweke ulionipata baada ya pale sikuombei. Hawakunitukana hata kidogo. Ukiwasalimu wanaitikia, halafu basi. Kisimani nikifika mazungumzo yanakatika, wanabaki kutazama ndoo zao. Kanisani benchi nililokaa lilikuwa langu peke yangu. Jiko likizimika nalala na baridi yangu, na moshi wa kwa Mama Skola nauona pale pale, hatua chache. Ilifika mahali nikawa nasema na mahindi, ndiyo, cheka tu. Nayasalimu asubuhi. Nayauliza yameamkaje.

Ikafika siku ya kuchoma. Nilirundika mahindi na mabua katikati ya kishamba, nikawasha. Sijui ulishawahi kusikia harufu ya mahindi yanapoungua katika kijiji chenye njaa. Ilikwenda na upepo mpaka nyumba ya mwisho. Watu wakaja wakasimama nje ya uzio, kina mama na watoto wao, wananitazama nachoma chakula. Hakuna aliyenizomea. Heri wangenizomea! Nilikuwa nalia nikijisingizia moshi.

Walipoanza kuondoka alibaki mzee mmoja, Mzee Nikodemo, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mkali wa maneno machache. Akasukuma lango akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unachoma nini?"

Nikamwambia nachoma mahindi ya majaribio, kama nilivyoagizwa.

"Hayo naona. Nauliza unaogopa nini mpaka unachoma."

"Ni mambo ya kitaalamu, mzee."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Kwani hayo mahindi yakija kugawiwa, yataliwa na wataalamu?"

Akakaa chini, kwenye udongo, akaningoja. Basi nikakaa na mimi, nikamweleza. Kwamba mahindi yao meupe, yale madogo, yamezoea baridi ya huku na wadudu wa ghalani wa huku, na haya mageni hatuyajui bado. Kwamba yakichavushana na ya kwao kabla hatujayajua, na yakaja kuwa mabaya, ya zamani hatutayapata tena. Kwamba hata mimi sijui kama ni mabaya. Pengine ni mazuri tu.

"Ah," akasema. "Na hayo ulimwambia Mama Skola?"

"Hapana."

"Yale meupe alipewa na mama mkwe wake siku ya kuolewa. Ungemwambia hivyo, angekusaidia kulinda lango. Binti, kunyima ni kazi yako, sikulaumu. Lakini umemnyima kama anavyonyimwa mwizi. Mtu unamnyima mkiwa mmekaa naye." Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake.

Nilikwenda kwa Mama Skola asubuhi yake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Mumewe alikuwa na ndugu zake huko Kirando, kando ya ziwa, basi familia yote imeteremka huko kwenda kuanika dagaa, maana shambani hapakuwa na cha kungojea.

Msimu uliofuata nililifungua lango. Niliwaita watu waje waone, waulize, wanibishie. Wakaja, kwanza wachache, baadaye wengi. Mbegu ile ilipita majaribio yote, ikagawiwa, haikuonekana kuwa na kasoro. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Nami bado nasema tulifanya vyema kungoja, kwa sababu siku ile nachoma hakuna aliyejua.

Mama Skola nilikutana naye mara moja tu, miaka baadaye, sokoni Sumbawanga, anauza dagaa. Nilimkimbilia. Akanipa mkono kwa adabu, akasema, "Habari za kazi, Bibi Shamba?" Bibi Shamba! Hakuwahi kuniita hivyo. Nikamweleza yote, palepale, maneno yanagongana. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia," akasema. Akamgeukia mteja wake. Iliniuma, na inaniuma.

Kwa hiyo usiache kazi. Pale pa kusema hapana, sema hapana, hata wakikuzomea. Wanaokuzomea bado wanataka kusema na wewe. Ila usiwasubiri mkutanoni. Wafuate kwao kabla hawajakufuata, kaa chini wanapokaa, waambie unachoogopa, na usichokijua kiri kwamba hukijui. Shukrani usiitafute, maana kazi yako ikienda vizuri hakuna kitakachotokea, na nani atakushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea?

Mungu akupe ujasiri wa kukataa, na akupe miguu ya kumfikia uliyemkatalia kabla hajahama. Akujalie majirani. Nenda kazini, mwanangu, na usikae peke yako kama nilivyokaa mimi.