Mafuta ya Ijumaa kwa Panya wa Kizimba cha Pili

Pechiammal alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa mgongo tu. Kila asubuhi, katika banda la panya la chuo cha tiba za asili cha Velankurichi, aliwapaka panya weupe walionyolewa migongo krimu ya kuwatia soriasisi, mpaka ngozi ikawa nyekundu na kutoa magamba. Kisha wa kizimba cha kwanza aliwapaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa majani ya mti wa dawa uitwao vetpalai juani hadi yakawa ya zambarau. Wa kizimba cha pili hawakupata dawa. Hao ni wa kulinganishia, Daktari Thenmozhi aliyeongoza jaribio alimweleza, na ikabidi amweleze tena, maana mama huyu alikuwa mgumu kukubali.

Si kwamba hakuelewa. Mwenyewe ana soriasisi viwikoni na kichwani tangu ujana, na anajua muwasho unavyomnyima mtu usingizi. Kuwaona wale wa pili wakijikuna mpaka damu kulimuuma sana, tena wote majike.

Kwao Ijumaa ni siku ya mwanamke kujipaka mafuta mwili mzima kabla ya kuoga. Hata mama mkwe mwenye roho ya korosho hamnyimi mke wa mwanawe mafuta siku hiyo. Basi Ijumaa moja uvumilivu ukamwishia, akachovya kidole kwenye mafuta ya zambarau, akawapaka wa kizimba cha pili. Mara moja kwa juma haina neno, akajiambia. Ijumaa iliyofuata akarudia.

Jumatatu daktari akaja kupima. Akamgeuza panya wa kizimba cha pili kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa imetulia, na manyoya ya ubavuni yalikuwa na rangi ya zambarau. Hakufoka, na afadhali angefoka.

“Dada, hawa umewapaka?”

“Ijumaa tu, daktari. Ningewanyimaje siku ya mafuta?”

Thenmozhi akavua miwani, akajifuta uso. Naye alikuwa hoi.

“Sasa nitasemaje dawa inaponya, na wasiopewa dawa nao wamepona? Jaribio limeharibika, dada. Tunaanza upya.”

“Na panya wengine?”

“Wengine, ndiyo. Wengi kama hawa.”

Hapo ndipo ikamwingia. Huruma yake haikumwokoa hata mmoja. Ilikuwa imewaita wengine waje waugue.

Wakaletwa, wazima, ngozi safi, wakisukumana kwenye maranda ya mbao. Daktari akamwambia akitaka, kazi ya krimu atapewa mtu mwingine. Pechiammal akakataa. Akawanyoa, akawapaka ugonjwa kwa mikono yake, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa ilipofika aliwatilia maji wa kizimba cha pili, akawaacha wakijikuna. Nyumbani binti yake alikuwa amekwisha kupasha mafuta ya kuogea, akamwita mama yake aje apakwe mgongoni kama kawaida.

“Jipake wewe, mwanangu,” akasema. “Mimi leo sitaki.”

Akakaa kizingitini, akikuna viwiko.