Mabomba Yaliyokataa Mizani

Nilikuwa kwenye foleni ya mhuri katika ofisi moja ya serikali huku Tarime. Mama aliyekuwa mbele yangu aliomba kibali cha kusafirisha mabomba ya kuchorongea miamba, aliyoyanunua kwenye mnada wa vifaa vya mgodi.

"Shikamoo mama," karani akasema. "Hiki ni chuma chakavu. Kinakwenda kwenye mizani, kisha kinayeyushwa."

"Marahaba. Nimewaahidi wafugaji wa Natta nguzo za boma. Hizi mchwa hali, na mwizi wa ng'ombe hakati kwa panga."

"Kwenye utaratibu hakuna nguzo, mama. Kuna chakavu."

Mama alitoka, akarudi na vipande viwili vifupi vya mabomba begani, akavifunga kimoja ndani ya kingine juu ya kaunta. Hesi za kufungia zilizochongwa kwenye ncha zikashikana bila kelele. Akamsogezea karani.

"Vuta, mwanangu, uvitenganishe."

Karani alivuta mpaka tai ikahamia begani.

"Chakavu hakishikani hivyo," mama akasema.

Karani alitazama geti la ofisi, lililofungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa. Kisha akashusha sauti. "Mama, boma langu la ng'ombe kule Kemambo mlango umelala. Utaniuzia mawili?"

"Mtu wa serikali nimuuzie chakavu? Andika nguzo kwanza."

Akaandika nguzo. Kumbe utaratibu wetu una nafasi ya neno jipya, ukishajua tu ng'ombe wa karani wanalala wapi.