Mguu Mzito wa Mama

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya leo jirani yangu aliwasha gari lake kuukuu, na harufu ya petroli isiyoungua vizuri ikapenya dirishani. Ni harufu nzito inayoacha ladha ya chuma ulimini. Sikuhitaji kuchungulia. Nilikuwa nimesharudi Ihanja, niko darasa la nne, nimekaa mbele kwenye pikapu ya nyumbani, magunia ya alizeti nyuma, mama ameshika usukani.

Hakukuwa na mwanamke mwingine kijijini kwetu aliyeendesha gari. Baba alifanya kazi relini Manyoni na alikuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo pikapu, aliyoinunua kwa kuchangiana na kaka yake, ilikuwa mikononi mwa mama. Alibeba alizeti za watu kwenda kukamuliwa Singida mjini. Unga wetu na sare zetu za shule vilitoka kwenye magurudumu yale.

Kisha gari likaanza kula mafuta. Tangi lililotosha safari mbili za mjini likawa linaishia njiani. Baba mkubwa akaja, akaitikia shikamoo yangu, akakataa kiti.

“Mama Neema, petroli haipai mbinguni. Kuna mtu anaiuza.”

“Anayeendesha ni mimi peke yangu, shemeji. Basi mtaje.”

 Baba mkubwa alifunga mfuniko wa tangi kwa kufuli, ufunguo wake akautia mfukoni, akawa anakuja mwenyewe kufungua kila mafuta yakiongezwa. Petroli ikaendelea kwisha vilevile.

“Sasa, shemeji,” mama alimuuliza mbele ya wenye alizeti, “inapitia kwenye tundu la kufuli?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alilitoa kufuli lake akasema, “Basi ni mguu. Mguu wa mwanamke ni mzito kwenye mafuta. Jumapili nakuja kuchukua ufunguo wa gari, nitafute kijana aendeshe.”

“Ukija Jumapili utanikuta nafua. Ufunguo sitoi.”

Tangu hapo ufunguo ulikaa kwenye fundo la pindo la kanga yake, hata akilala.

Mama alitafuta kosa. Alitandika maboksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi yakawa makavu. Alijaza upepo matairi, akakung'uta chujio la hewa. Alifungua plagi za injini akazikuta nyeusi kama tako la sufuria. Alizisafisha, na baada ya siku chache zikawa nyeusi tena.

Jumamosi tulikwenda mjini. Ulikuwa mwezi wa Juni, na wale mnaoujua upepo wa Singida mnajua unavyotafuta upenyo wa mlango. Nilikunja miguu juu ya kiti nikaikalia.

“Shusha miguu, unachafua kiti.”

“Inaganda, mama. Zamani hapa chini kulikuwa na joto.”

“Zamani lini?”

“Kabla fundi hajatengeneza.”

 Mbele kidogo mama alisimamisha gari, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa. Akanivuta mkono nami niguse. Tulikuwa tumetoka Ihanja mpaka karibu na mjini, na rejeta ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Miezi ya nyuma gari lilikuwa limechemka, na fundi akang'oa thamostati, kidude cha shaba kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. “Hiki ni cha Ulaya,” alisema akikitupa, “huku hakuna baridi. Sasa hata mlima wa Sekenke utapanda halichemki.” Tuliona fahari. Nani kwetu angelalamikia gari lisilochemka? Kumbe injini ilishinda baridi kutwa, na kabureta, inayoipimia mafuta, ikaendelea kuimiminia petroli kana kwamba imewashwa sasa hivi. Hayo niliyasoma mwenyewe vitabuni nikiwa mtu mzima. Siku ile mama alisema tu, “Gari linaumwa baridi.”

Tulinunua kidude kingine duka la spea, na fundi akakifunga akinung'unika.

“Litachemka, mama.”

“Likichemka nitakuita usukume.”

Tuliporudi, joto lilinipanda kutoka kwenye vidole mpaka magotini, nikasinzia.

Jumapili baba mkubwa alimkuta mama anafua kweli. Mama akamweleza kila kitu, akamwonyesha mshale wa mafuta ulivyosimama juu hata baada ya safari. Baba mkubwa alitazama, akafuta mikono.

“Hata hivyo, ufunguo nipe.”

“Nilishakujibu, shemeji,” mama alisema, akaendelea kukamua shuka.

Alipoondoka nilimkimbilia. Niliamini hajaelewa. Nilimweleza habari za thamostati mpaka tukafika barabarani, naye akanisikiliza kwa upole. “Nimeelewa, mwanangu,” akasema, akaenda zake.

Ilinichukua miaka kukubali kwamba alisema kweli. Alikuwa ameelewa, petroli haikuwa shida yake. Na kwa muda mrefu nilijisifu kwamba miguu yangu ndiyo iliyomwokoa mama, nikasahau kuwa alikataa kutoa ufunguo siku ambayo hakujua kosa liko wapi, wala hakuwa na ushahidi wowote mkononi.

Jioni ya Jumapili ile mama alinituma kwa baba mkubwa na risiti ya shilingi elfu tatu ya duka la spea. “Mwambie kama gari ni lake pia, alipe nusu yake.”

Baba mkubwa aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akanihesabia shilingi elfu moja na mia tano.