Matembele ya Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za Mwingereza, baba mkwe wangu alipotoka ndani na jembe begani kwenda kung'oa matembele yangu.

Nilikuwa bi harusi wa juzi tu hapa Isansa. Mume wangu, Yona, alikuwa Saza kwenye machimbo ya dhahabu, nami nimebaki na wakwe ambao hata Kinyiha chao nilikuwa bado nakibahatisha. Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, ukishapita Tunduma. Mama aliponiaga alinifungia kwenye kitambaa kibichi mashina ya matembele yenye majani ya zambarau. Kwetu yalitanda mbele ya nyumba yakachanua maua, na jioni tuliyachuma mboga.

Basi nikayapanda mlangoni. Lakini huku uwanja ulifagiliwa mpaka udongo mwekundu unang'aa, na baba mkwe, mtu wa kanisa na wa usafi, alichukizwa.

"Tutafuga nyoka," alisema. "Na wageni watasema mkwe wetu hajui kufagia."

Aliniamuru niyang'oe. Sikuweza. Nilikwenda kuteka maji huku nalia.

Ndipo asubuhi ile akashika jembe mwenyewe. Mama mkwe, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akimbishia mumewe, aliweka ungo chini, akaenda kuketi juu ya yale majani, akanyoosha miguu.

"Inuka, Mama Yona."

"Siinuki. Nilipoolewa hapa nilileta mbegu za maboga za mama yangu kutoka Ileje. Ukasema yanachafua uwanja, nikayang'oa kwa mikono yangu. Mama amekufa, na maboga yale sijayaonja tena."

Baba mkwe alishusha jembe chini. Halafu akasema polepole, "Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Akaenda na jembe lake kwenye shamba la kahawa.

Mvua zilipokolea, matembele yalitanda hadi kibarazani. Niliyaunga kwa karanga. Baba mkwe hakusifu, ila aliomba kuongezewa. Baadaye nilimwona akiwakatia wageni mashina. "Mbegu ya mkwe wangu hii," akawaambia, "ya ng'ambo."

Sasa wewe, mwanangu, unaleta mke. Atakuja na mambo ya kwao: mboga zake, namna yake ya kusonga ugali, wimbo wa kubembelezea mtoto. Usiwe mwepesi wa kuyafagia. Muulize kwanza, na umpe mahali pa kupanda.

Mungu awakalishe vizuri, awape watoto na chakula, na mke wako asijione mgeni nyumbani kwako hata siku moja.