Kibanda cha Mama Vitalis Mbele ya Lango la Boma

Lango la boma la Newala lilijengwa na Wajerumani, likarithiwa na Waingereza, lakini kivuli chake kilikuwa cha Isabela, Mama Vitalis. Hapo aliuza mihogo ya kuchemsha, na kila mwenye kesi alipita akala, maana kushindwa kesi na njaa juu ni misiba miwili.

Kiangazi kimoja, bomba la maji likiwa bado maneno matupu, serikali ikaamua kulikarabati lango na kujenga vibanda vya mawe mbele yake. Karani wa soko, Stefano, akaja na kaptula iliyonyooshwa pasi kuliko adabu zake.

"Mama Vitalis, vibanda ni vya wenye maduka. Wa mihogo mnahamia nyuma ya gereza."

"Nyuma ya gereza nimuuzie nani, nzi?"

"Ni amri."

"Basi iambie hiyo amri, mimi sihami."

Fundi aliletwa kutoka Masasi: Silvano wa Mkomaindo, mtu aliyezoea maji ya visima vya mlangoni. Asubuhi ya kwanza akachukua mtungi mzima wa maji, akaosha sepeto, akaosha miguu, yaliyobaki akamwaga. Soko zima likamgeukia. Maji yale kina mama walikuwa wameyapandisha kichwani kutoka bondeni.

"Fundi," Isabela akamuuliza, "kwenu miguu huoshwa kwa jasho la watu?"

Silvano akacheka. Kufika adhuhuri kicheko kilikwisha: saruji kavu, pipa tupu, na hakuna mwanamke wa kumtekea. Akamfuata Isabela, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Vitalis. Nimekosa."

"Marahaba. Maji nitaleta. Ila maji yangu yatajenga kibanda changu, kile kinachotazama lango. Tone moja likienda kwingine, utanitambua."

Akawa anashuka bondeni na kupanda, shingo inawaka moto, akirudi analinda pipa kama mwali wake. Kibanda kimoja kikainuka. Vingine vikabaki mistari ya chokaa ardhini. Saruji ilipokauka, Isabela akatandaza mihogo.

Stefano akaja mbio. "Nani kampa huyu kibanda?"

"Ulitaka nijenge kwa mate?" Silvano akamjibu. "Ile amri yako ilete maji, nimalize vingine."

Stefano akalitazama lango ambalo halijaguswa.

"Kina mama wenzangu nao wanataka vibanda," Isabela akasema. "Kubali, kesho wanashuka bondeni. Kataa, ukachote mwenyewe."

Karani akakubali. "Haya. Lakini mfagie."

"Tulikuwa tunafagia hapa wewe hujajua kutambaa," Isabela akasema, akageuka kuwaita wenzake waandae mitungi.