Marehemu wa Ukurasa wa Tisini

Mnaotaka kucheka chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka basi, lakini ukweli ni kwamba kuna siku nililazwa chali kwenye ukumbi mmoja pale Chemchem, Tabora, nikafunikwa khanga na kuliliwa kama maiti nikiwa mzima wa afya, mbele ya mama niliyekuwa naomba Mungu awe mama mkwe wangu, na yote hayo niliyataka mwenyewe kwa ugonjwa wangu wa kutafuta makosa kwenye riwaya.

Ugonjwa huu ninao tangu sekondari. Wenzangu wakisoma hadithi wanalia, wanampenda huyu, wanamchukia yule, mimi nakagua. Mtu akivunjika mguu wa kushoto sura ya kwanza, nakaa namvizia nione kama sura ya tatu hatachechemea wa kulia (na mara nyingine anachechemea kweli, basi siku hiyo nalala na furaha). Nafundisha hisabati, labda ndiyo sababu. Mchumba wangu Paulina mwanzoni aliona ni kichekesho, baadaye akawa ananificha vitabu vyake.

Sasa mama yake Paulina, Mwalimu Sesilia, baada ya kustaafu ualimu aliandika riwaya kuhusu familia moja ya wakulima wa tumbaku kule Urambo, na uzinduzi ukapangwa wiki moja tu kabla mshenga wangu hajaenda kwao kupeleka posa. Mama huyo alikuwa hajanikubali. Alishamwambia Paulina kwamba mimi ni mtu wa kujisikia. Kwa hiyo Paulina akaniletea nakala mapema, akanionya kabisa, "Maganga, soma vizuri, siku ile simama useme neno moja zuri, halafu ukae. Umenisikia? Ukae."

Nikaisoma Jumamosi asubuhi huku nakula mkate na asali, ile asali yetu nyeusi ya porini ambayo ikikugusa kidole inakufuata siku nzima. Na kweli nikakamata kosa. Mzee Shija, baba wa ile familia, sura ya pili kang'oa karia ya baiskeli yake, kile chuma cha kupakilia nyuma, akamuuzia jirani. Sura ya nne anampakia mkewe kwenye karia hiyohiyo wanakwenda kanisani! Nikafurahi kama nimeokota kitu. Naendelea, nafika mahali Mzee Shija anafariki, watu wanalia, kaburi linachimbwa, nafungua ukurasa, namkuta Mzee Shija huyohuyo kavaa koti lake la kaki, fimbo mkononi, anawafokea wachimbaji kwamba kaburi wamelipinda na uji wake uko wapi. Nikaruka kwenye kiti. Kosa kubwa namna hiyo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa, majirani, wanakwaya, walimu wenzake wa zamani. Muda wa maswali ulipofika nikasimama, nikasifia kidogo, nikataja ile karia. Watu wakacheka vizuri tu, na Mwalimu Sesilia akavua miwani akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida. "Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Hilo sote lilitupita."

Mwanangu! Jamani, si ningekaa? Nilikuwa nimeshapata. Paulina alikuwa ananivuta shati kwa chini, lakini makofi yalishanipanda kichwani.

"Kuna lingine, Mwalimu," nikasema, "tena hili ni kubwa." Nikasoma kwa sauti ya darasani: ukurasa wa themanini na saba marehemu kafa, ukurasa wa tisini marehemu anadai uji. Nikafunga kitabu, nikasubiri makofi mengine.

Hayakuja. Mama mmoja wa nyuma akaanza kukohoa kicheko, halafu ukumbi mzima.

"Wewe ni mtu wa wapi, mwanangu?" Mwalimu Sesilia akaniuliza taratibu.

"Wa hukohuko Urambo, Mwalimu."

"Mnyamwezi?"

"Kabisa."

"Na kwenu huwa watu hawazikwi?"

Hapo ndipo akili ikanirudi, kwa kuchelewa. Watani! Aliyevaa koti la marehemu alikuwa mtani, mtu wa kabila tunalotaniana nalo. Nimeona kwa macho yangu, kwenye msiba wa babu yangu mwenyewe, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anagombana na wafiwa mpaka wanacheka na machozi yao. Mtoto yeyote wa Tabora angelijua lile koti. Nikajitetea kwamba kitabu hakikusema kama ni mtani, naye akanyoosha mkono. "Hebu lete hicho kitabu."

Akakifungua, akapapasa, akavuta. Kurasa mbili zikaachana kwa mlio ambao mpaka leo nausikia. Akanusa. "Asali," akawatangazia watu. Kumbe watani walikuwa wamepiga hodi na kupewa koti humo ndani, kwenye kurasa ambazo vidole vyangu vilizigandisha nikazipita bila kujua. "Mwalimu wa hisabati," akaniambia, "baada ya themanini na saba inakuja ngapi?"

Ningetamani iishie hapo. Lakini mstari wa mbele alikuwepo Mzee Pazi, Mzaramo, mstaafu wa reli, ambaye ameishi Tabora miaka mingi na hajawahi kuacha utani na Wanyamwezi upite bure, utani wa tangu babu zetu wakipita kwao na mizigo begani kwenda pwani. Akasimama, mikono kichwani.

"Enyi Wanyamwezi, mnacheka nini na kijana wenu amekufa? Kafa kwa aibu sasa hivi, nimemwona! Leteni khanga! Marehemu, lala chini."

Mtani hanuniwi, hilo mnalijua. Lakini nilikuwa na suti, na mlango ulikuwa karibu, na moyo wangu ulitaka niondoke na nisionekane tena mjini. Nikamtazama Paulina. Alikuwa anauma mdomo, macho yamejaa maji, na sikujua ni kicheko au kilio. Nikalala chini.

Wakanifunika. Kina mama wakaangua kilio. "Kafa na asali mdomoni!" Mzee Pazi analia, kisha akanivua miwani, akaivaa, akaanza kutembea kama mimi, kifua mbele, anakagua waalikwa: "Wewe mama, ulipoingia ulikuwa na mkoba mwekundu, huu wa kijani umetoka sura gani?" Nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka, nikajua posa imekwisha, na kwa kuwa imekwisha sikuwa na cha kupoteza tena. Nikatoa kichwa nje ya khanga.

"Mzee Pazi," nikasema, "kaburi langu mmelipinda. Na uji wangu uko wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu Sesilia alicheka mpaka akashika meza.

Mshenga alikwenda wiki iliyofuata nikiwa sili wala silali, akarudi na jibu la ndiyo. Paulina ndiye aliyeniambia maneno ya mama yake: "Kujua kwake kunachosha, lakini mtu anayekubali kufunikwa khanga mbele za watu bila kununa, huyo mtaishi naye."

Basi nimeapa, simsahihishi mtu hadharani tena, na nikikuta maiti anatembea kwenye kitabu nauliza kwanza. Juzi mama mkwe kanipa muswada wa riwaya ya pili. Humo kuna binti ana mimba tangu watu wanapanda mpunga. Wamevuna, wamepanda tena, wamevuna tena, yeye bado. Nilikaa na jambo hilo siku nzima, mwisho nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama. Samahani, hivi na hii ni mila?"

"Marahaba." Akasoma, akarudia, akashika shavu. "Masikini binti wa watu," akasema. "Huyu nilimsahau."